Bibi Mifugo na Nukta ya Kijani

Auleria alizaliwa Nyakakika akaolewa Kaisho, na kwa miaka ya mwanzo watu wa Kaisho walimwita "yule wa Nyakakika" tu. Jina lilibadilika alipoanza kuokoa ng'ombe wao. Hapo akawa Bibi Mifugo. Alikuwa amesoma chuo cha mifugo, akarudi na begi la dawa, glovu ndefu za plastiki zinazofika begani, na pikipiki kuukuu aliyoachiwa na kaka yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na ng'ombe kwa Kinyambo na kuzungumza na mwenye ng'ombe kwa Kiswahili, kana kwamba hakutaka mmoja asikie alichoambiwa mwenzake.

Mumewe, Protase, alilima kahawa na ndizi kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake. Kibanja hicho kilipakana na cha Rweyemamu, ambaye alikuwa baba mdogo wa Protase. Kati yao ulipita mstari wa milamula, ile mimea ya majani marefu inayopandwa huku kuonyesha mwisho wa shamba la mtu. Kwa maneno ya Rweyemamu, milamula kadhaa ilikuwa imehama kuelekea kwake. Jambo hilo lilizungumzwa kwenye ukoo, likazungumzwa tena, halikuisha. Tangu hapo nyumba mbili zile ziliendelea kusalimiana, lakini hakuna aliyeingia kwa mwenzake kuomba hata moto.

Umoja wa wafugaji ulipoleta programu ya simu, Auleria alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Mfugaji aliifungua, akaona majina ya wataalamu wa mifugo wa upande wake, na kando ya kila jina palikuwa na nukta. Nukta ikiwa ya kijani, chini yake paliandikwa "Yupo". Ikiwa ya kijivu, "Hayupo". Ukibonyeza jina unaandika ujumbe, na ujumbe unafika papo hapo. Aliyeitengeneza ni binti mmoja aitwaye Evelyn, mtoto wa watu wa Muleba, ambaye ofisi yake ilikuwa Kayanga. Aliyemwekea Auleria kwenye simu yake alikuwa Mwesiga, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni Kaisho, ambaye naye alikuwa mtaalamu na jina lake lilikuwa kwenye programu hiyohiyo.

Watu waliipenda ile nukta kuliko kitu kingine chochote. Mtu mwenye ng'ombe mgonjwa hataki maneno mengi. Anataka kujua kama upande wa pili kuna mtu.

Kiangazi cha mwaka jana, mtamba wa Rweyemamu alianza kuzaa asubuhi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alisukuma mpaka jua likapanda, na kilichotoka ni mguu mmoja tu. Jenifa, mke wa Rweyemamu, ndiye aliyekuwa na simu ya kugusa katika nyumba ile. Aliifungua programu, akaona jina la Auleria na nukta ya kijani. Akaandika, akimwita kwa jina la mtoto wake: "Mama Ainebyona, mtamba amekwama, mguu ni mmoja tu. Njoo mwanangu."

Hakupata jibu. Akapiga simu ya kawaida, akaambiwa namba haipatikani. Akavuka mstari wa milamula mpaka nyumbani kwa Auleria, akakuta mlango umefungwa na pikipiki haipo. Protase alikuwa amepeleka kahawa kukobolewa. Jenifa akarudi, akaitazama tena programu. Kijani. Yupo.

"Nimwite Mwesiga?" Rweyemamu aliuliza.

"Wa nini? Auleria ujumbe ameupata, si unaona yupo? Yuko njiani huyo."

Wakasubiri. Jenifa aliandika tena, na tena. Kila alipoitazama nukta ilikuwa pale, imetulia, haina hata aibu. Mchana ulipopinda ndipo Rweyemamu alipomtuma mtu sokoni, na Mwesiga akaja na begi lake. Alimtoa ndama akiwa ameshakufa. Mtamba hakusimama tena. Alijaribiwa kuinuliwa kwa miti na kamba, akashindwa, na kabla jua halijazama wakamchinja wasije wakakosa vyote.

Auleria alifika nyumbani wakati huo. Alikuwa ameshinda bondeni upande wa Nyakakika akichanja ng'ombe wasipate ugonjwa wa chambavu, mahali ambapo simu hukosa mtandao kabisa, na yake ilikuwa imeisha chaji kabla hata hajamaliza zizi la kwanza. Alipoichomeka kwenye sola, ujumbe wa Jenifa ukaingia wote kwa mkupuo. Hakuvua hata buti. Alikimbia mpaka kwa Rweyemamu, akawakuta wanachuna.

"Shikamoo baba mdogo."

Rweyemamu hakuitikia. Alifuta kisu kwenye jani la mgomba, akalitazama begi la Auleria.

"Umekuja kupima nyama?"

"Baba mdogo, nimeona ujumbe sasa hivi. Nilikuwa—"

"Ulikuwepo. Mama mdogo wako amekuona mchana kutwa. Kwetu sisi simu yako haipatikani, lakini kwenye mtandao upo. Maana yake umetufungia namba."

"Simu ilizima chaji. Muulizeni mtu yeyote kule bondeni."

"Bondeni kwenu," alisema Rweyemamu, akarudi kwenye kazi yake.

Jenifa alikuwa amekaa kwenye kigogo, ameishika simu kwa mikono miwili. Auleria angependa atukanwe kuliko ule ukimya. Jioni ile nyama iligawanywa kwa ukoo mzima, kila nyumba ikapelekewa kwenye jani. Nyumba ya Protase haikupelekewa.

Habari ilitembea. Jumapili kanisani, wanawake waliozoea kumbana Auleria kwenye benchi walikaa kwa nafasi. Walimsalimia, walimuuliza habari za watoto, lakini macho yao yalikuwa yanapima. Mfugaji mmoja aliyekuwa akimwita kila mara kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu alimwambia bila kuzunguka, tena mbele za watu, "Nilikuandikia juzi, Bibi Mifugo. Ulikuwa kijani. Kama hutaki ng'ombe wetu wadogo, sema."

Auleria alikumbuka vizuri siku hiyo. Alikuwa kwa fundi pikipiki na simu aliiacha nyumbani imezimika. Alifungua mdomo kueleza, akaona jinsi yule mtu alivyokwisha kutabasamu kabla hajasikia, akaufunga.

Wateja walipungua. Waliobaki walikuja na maswali. Kuna mama aliyemwita, akampa kiti na chai, kisha akachukua simu yake na kumwandikia ujumbe palepale ili aone kama simu ya Auleria italia. Ililia. "Aa, kumbe inafika," alisema yule mama, na Auleria akajua kwamba hilo ndilo lililokuwa likitafutwa, chai ilikuwa chambo tu.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka ndani. Jioni moja alikuwa akimenya ndizi jikoni, Protase ameegemea mlango.

"Leo mtandao ulikuwa mzuri huko ulikokuwa," Protase alisema.

"Mtandao gani? Kule hata ukipanda kichuguu huupati."

"Basi."

"Basi nini?"

"Nimekuona kijani tangu asubuhi, ndiyo maana nauliza."

Auleria aliweka kisu chini. "Na wewe unaniangalia?"

"Kila mtu anakuangalia, mke wangu. Nami nina macho."

Hakugomba. Hakupandisha hata sauti. Alitoka akaenda kuanua kahawa, na Auleria akabaki na ndizi mikononi. Kwa Rweyemamu kulikuwa na mpaka wa shamba, hilo alilielewa. Lakini Protase? Alijaribu kumwona mumewe akiwa amekaa mahali, anaitazama ile nukta, anahesabu kichwani alipo mkewe na yuko na nani. Alijiona kama mtu aliyegundua kwamba ukuta wa chumba chake una tundu, na tundu hilo lina siku nyingi.

Ndipo wazo lingine likamjia. Kama simu yake inazima, na nukta inawaka, basi kuna mtu mwingine anayeingia kwa jina lake. Anaingia, anaiwasha nukta, anasoma ujumbe wa watu na kunyamaza. Mtu huyo lazima anajua neno lake la siri. Neno la siri aliliandika nani siku ile programu ilipowekwa? Mwesiga. Aliuliza, "Tuweke nini?" akajibiwa jina la mtoto na mwaka wake, akaandika mwenyewe kwa kidole chake.

Na nani aliyeitwa mtamba alipokwama? Mwesiga. Wateja waliomkimbia walikwenda kwa nani? Kwa Mwesiga.

Mtu akishaanza kushuku, kila anachokutana nacho njiani kinakuwa kuni za moto wake. Auleria alikumbuka jinsi Mwesiga alivyomsalimia kwa uchangamfu wiki ile, akauona uchangamfu huo umezidi. Alikumbuka alivyomuuzia dawa za minyoo kwa bei ya chini, akajiuliza alikuwa analipia dhambi gani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka, wakisaidiana hata kuvuta ndama mmoja kamba moja. Sasa aliipitia miaka hiyo yote upya, akawa anatafuta mahali ilipoanzia kuoza.

Alikwenda dukani siku ya soko, makusudi, ili watu wawepo. Mwesiga alikuwa nyuma ya kaunta, mikono ya shati imelowa, harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe imejaa duka zima.

"Karibu, mwalimu wangu," Mwesiga alisema. Alizoea kumwita hivyo kwa utani.

"Usiniite mwalimu. Neno langu la siri unalo mpaka leo?"

"Neno gani?"

"Uliloandika mwenyewe. Unaingia kwa jina langu, Mwesiga? Unawaacha watu wanasubiri, halafu unakwenda kuokota wateja?"

Mzee mmoja aliyekuwa ananunua kamba aliacha kuipima. Mwesiga alimtazama Auleria kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni utani, kisha akaona hakuna utani.

"Niingie kwa simu ipi?" aliuliza taratibu. Aliinama, akainua kutoka chini ya kaunta bakuli la mchele mkavu. Ndani yake simu yake ilikuwa imefukiwa nusu, kioo kimeingia ukungu. "Imetumbukia kwenye ndoo ya dawa tangu alfajiri. Nimeshinda bila simu. Hata mke wangu anaweza kuzaa nisijue."

Auleria alitaka kusema kwamba hiyo ni leo tu, siku nyingine simu ilikuwa nzima. Alishatoa simu yake mfukoni kumwonyesha ujumbe wa Jenifa. Alifungua programu. Orodha ya wataalamu ikatokea, na macho yake yakaangukia jina lililokuwa chini ya lake.

Mwesiga. Kijani. Yupo.

Aliitazama simu iliyo kwenye mchele, akatazama nukta. Akaisogeza simu yake juu ya kaunta, akamgeuzia Mwesiga.

"Hebu niambie na wewe," alisema, sauti imeshuka. "Nani anaingia kwa jina lako?"

Mwesiga alisoma, akakunja uso. Mzee wa kamba naye akainama kuchungulia. Walikaa hivyo kwa muda, watu watatu juu ya nukta moja, wakingoja izimike. Haikuzimika.

Auleria aliomba radhi palepale, mbele ya wale aliowataka wawe mashahidi. Mwesiga aliipokea kwa kutikisa kichwa. "Dawa nitakuuzia," alisema. "Ila ulikuja kunishika, mama. Neno la siri kalibadilishe, tena mbele ya mtu mwingine, nisiwepo."

Kutoka pale Auleria alimpigia Evelyn, yule binti wa Kayanga. Alieleza yote. Upande wa pili ikaja sauti ya heshima, laini, yenye tahadhari.

"Mama, simu za namna hii napigiwa sana. Mara nyingi mtu ameshindwa kujibu, anasingizia mtandao."

"Mwanangu, mimi nimepoteza heshima kwa ajili ya nukta yako. Njoo Kaisho uione mwenyewe. Usiponiamini mimi, amini macho yako."

Evelyn alikuja. Alishuka kwenye bodaboda amejaa vumbi jekundu mpaka kope, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani. Aliposema "Shikamoo mama" alikuwa bado anamkagua Auleria usoni, na Auleria alimwacha akague. Alitaka jambo moja tu: lolote litakaloonyeshwa lionyeshwe uani kwa Rweyemamu, Jenifa akiwepo.

Rweyemamu aliwapa mkeka, hakuwapa maneno. Alikaa pembeni akichonga mpini wa jembe. Evelyn aliwaza kidogo, akaomba keni ya maziwa, ile ya bati nene yenye mfuniko wa kubana. Akamwambia Auleria afungue programu. Kwenye simu ya Jenifa nukta ya Auleria ikawa kijani. Kisha akaitumbukiza simu ya Auleria ndani ya keni, akabana mfuniko.

"Mpigie, bibi," alimwambia Jenifa.

Jenifa akapiga. Namba haipatikani.

"Sasa fungua programu."

Jenifa akafungua. Akaisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. Nukta ilikuwa ya kijani. Akaandika: "Mama Ainebyona, upo?" akatuma, akaitazama keni iliyokaa katikati ya uwanja kama mgeni.

"Mawe!" alishangaa kwa Kinyambo, kwa sauti ndogo. "Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Ndivyo kabisa. Huku hapatikani, huku yupo."

Evelyn alikuwa ameona pia, na uso ulimbadilika. Hakuwa tena mtu aliyekuja kumkagua mwingine. Alikaa chini kwenye mkeka, akaanza kueleza, mara nyingine akijieleza mwenyewe.

"Programu hii haina kompyuta yake inayokaa macho kutwa. Hatungeimudu. Tunatumia za kukodi, ziko mbali, na zinafanya kazi zikiitwa tu. Simu yako ikifungua programu, inabisha hodi. Kule kitu kinaamka, kinaandika Auleria yupo, kinalala. Ukifunga programu vizuri, simu inaaga. Kinaamka tena, kinaandika ametoka, kinalala."

"Na chaji ikikatika?" Auleria aliuliza.

"Simu haiagi."

"Au nikishuka bondeni?"

"Haiagi. Na kama hakuna aliyebisha, hakuna anayeamka. Lile neno 'yupo' linabaki limeandikwa. Nilidhani mtandao wenyewe ungetuambia mtu akipotea. Unatuambia, lakini si kila mara, na wakati mwingine kwa kuchelewa sana." Aliitazama keni. "Mjini sikuliona. Mjini watu hawapotei bondeni."

Jenifa alimgeukia mumewe. "Umesikia?"

Rweyemamu hakuacha kuchonga. "Nimesikia. Leo mmeiweka kwenye keni. Siku ile ilikuwa wapi?"

Auleria alifungua keni, akatoa simu yake, ikaanza kulia kwa ujumbe wa Jenifa.

Evelyn alirudi Kayanga, na baada ya muda si mrefu programu ikabadilika. Sasa kila simu ililazimika kutuma alama ndogo kila baada ya kitambo, kama mtu anayekohoa gizani ili mwenzake ajue yupo. Neno "yupo" halikuandikwa tena moja kwa moja. Liliandikwa pamoja na saa ya mwisho wake. Alama ikija, mwisho unasogezwa mbele. Alama isipokuja, neno linaisha lenyewe, na kule kwisha kwake ndiko kunakoamsha kitu kinachowaambia wengine kwamba huyu hatumwoni tena.

Ilionekana kama mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Evelyn alikuwa ameweka kitambo kifupi mno kwa milima ya Kaisho, ambako mtandao huja na kwenda kama mbuzi asiyefungwa. Nukta zikaanza kupepesa. Auleria akiwa amekaa nyumbani, simu mkononi, aligeuka kijivu, akawa kijani, akawa kijivu tena. Na watu waliokwisha kuzoea kushuku walipata la kushuku upya.

"Anazima akiona jina langu," alisema mmoja.

"Jana nilipomwandikia tu, akapotea," alisema mwingine. "Angalia mwenyewe."

Auleria alimpigia Evelyn akiwa na hasira ya mtu aliyechoka. "Mwanzo ulinifanya nipo nisipokuwepo. Sasa unanifanya nitoroke nikiwa nimekaa."

Ilibidi Evelyn ajaribu tena na tena. Alirefusha kitambo. Akafanya alama moja ikikosekana isihesabiwe, hata mbili, mpaka simu inyamaze kwa zamu kadhaa mfululizo ndipo mtu aitwe hayupo. Kisha akaliondoa neno lenyewe "Yupo", ambalo kwa maoni yake lilikuwa limeahidi kupita uwezo wake. Badala yake pakaandikwa saa ambayo simu ya mtu ilisikika mara ya mwisho. Na ujumbe usipofika kwenye simu ya mtaalamu, mfugaji aliambiwa wazi: haujafika, mwite mwingine.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyosaidia. Watu waligundua kwamba wataalamu wote walipotea mara nyingi kuliko walivyodhani, Mwesiga na Auleria sawasawa. Mtu akiona haujafika, aliita mwingine, na ng'ombe akatibiwa. Wateja wa Auleria walianza kurudi, si wote. Yule mama wa chai alirudi. Yule wa mrija hakurudi, na walipokutana aliangalia pembeni, kwa sababu ni vigumu kurudi kwa mtu uliyemsema hadharani. Mwesiga alimuuzia dawa kama alivyoahidi. Hakumwita tena mwalimu wake.

Rweyemamu hakusema kitu kwa miezi. Halafu siku moja Auleria alishuka tena bondeni kuchanja, na mwenye zizi, akiwa amemshika ndama masikio, akamuuliza, "Yule mzee wa kwenu alipata alichokuwa anatafuta?"

"Mzee gani?"

"Mrefu, ana kofia ya sufu. Alikuja kiangazi kile, akauliza kama ulikuwa hapa siku fulani, ulifika lini, uliondoka lini. Tukamwambia ulishinda hapa, hata chakula ulikulia kwetu. Akaenda na zizi la pili, akauliza hivyohivyo."

Auleria aliendelea kuchanja. Kiangazi kile! Basi Rweyemamu aliujua ukweli muda wote ule, kabla hata ya kuketi pale uani akichonga mpini. Aliujua, akamwacha atembee na lile jina baya. Au hakuuamini, akasema watu wa Nyakakika wanalindana. Hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na hakuwa na uhakika lipi lingekuwa afadhali.

Alimwambia Jenifa walipokutana kisimani. Jenifa akaisawazisha kata kichwani.

"Alikwenda kweli," alisema. "Aliporudi aliniambia, 'Alikuwa huko.' Nikamwambia nenda kamwambie. Akasema mtamba wangu amekufa hata hivyo." Akamshika Auleria mkono. "Mimi ningekuja. Niliona aibu, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema tusubiri."

Baada ya hapo Jenifa ndiye aliyemwita Auleria kila ng'ombe wa nyumba ile alipougua. Rweyemamu alimpokea, alimshikia ng'ombe, aliitikia shikamoo. Mazungumzo yao yaliishia kwenye kwato na viwele.

Jioni ya siku ile ya kisimani, Auleria alimkuta Protase uani anapepeta maharage. Alikaa karibu naye, akachukua ungo mwingine. Swali lilikuwa limemkaa moyoni tangu ile jioni ya ndizi, na alikuwa ameliogopa kuliko baba mdogo yeyote.

"Bado unaniangalia kwenye ile programu?"

Protase hakujifanya hakuelewa. "Mara mojamoja."

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama umefika salama. Barabara ile ya Nyakakika si nzuri."

"Na zamani? Ulikuwa unaangalia kama nimefika salama?"

Protase alirusha maharage juu, makapi yakapeperuka, akayadaka maharage. Alirusha tena.

"Zamani nilikuwa naangalia," alisema.

Auleria alingoja aendelee. Hakuendelea, naye hakumsukuma. Alimtazama kwa upande, mikono yake ile aliyoijua, kovu la panga kwenye kidole gumba, akaona kwamba hata yeye mwenyewe hakujua kama bado anamwamini mumewe. Akainamia ungo wake, akaanza kuchagua mawe.